Tuzo na Mchezo wa Kale

Usiku wa tarehe 8 Juni 2025, katika jumba la Radio City Music Hall mjini New York, mchezo wa nyimbo uitwao Gypsy ulitoka katika hafla ya tuzo za Tony bila ya kupata hata tuzo moja. Wahakiki wengi walikuwa wameusifu. Mwigizaji wake mkuu, Audra McDonald, aliingia ukumbini na tuzo 6 za uigizaji alizozipata miaka ya nyuma, idadi ambayo hapana mwigizaji mwingine aliyekuwa ameifikia katika tuzo hizo. Mwongozaji wake, George C. Wolfe, hakuwamo hata katika orodha ya walioteuliwa. Jambo hili lingekuwa dogo kama lingetokea mara moja tu. Lakini mchezo huo huo ulipofufuliwa mwaka wa 2003, Bernadette Peters akiwa ndiye mama Rose, ulirudi mikono mitupu vile vile, na mwongozaji wake, Sam Mendes, hakuteuliwa. Jambo likitokea mara mbili kwa sura moja, hudai kuelezwa.

Ufufuzi hapa una maana ya mchezo uliokwisha kuonyeshwa zamani, kisha ukapandishwa jukwaani upya kwa mikono ya watu wengine. Tuzo za Tony zilianza kutolewa mwaka wa 1947 kwa kumbukumbu ya Antoinette Perry, mwigizaji na mwongozaji aliyefariki mwaka uliotangulia, na kwa muda wa miaka 30 michezo iliyofufuliwa haikuwa na fungu lake yenyewe. Fungu hilo lilipoanzishwa mwaka wa 1977 lilipewa jina lenye kufunua siri ya nyumba: lilikuwa tuzo ya ufufuzi wenye uvumbuzi mkubwa kuliko wote. Jina hilo halikudumu, na mwaka wa 1994 fungu likagawanywa mawili, moja la michezo ya maneno matupu na moja la michezo ya nyimbo. Walakini roho ya jina la kwanza haikutoka pamoja na jina lenyewe. Ajabu ni kuwa mshindi wa mwaka ule wa 1977, Porgy and Bess iliyotolewa na Houston Grand Opera, alisifiwa kwa kurudisha sehemu zilizokatwa wakati mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1935. Uvumbuzi wake ulikuwa uaminifu. Laiti wapigaji kura wa baadaye wangalilikumbuka hilo.

Kanuni za tuzo haziruhusu muziki na maneno ya zamani kushindania tena tuzo za utunzi, na kanuni hiyo ni ya haki, maana mtunzi alikwisha pewa au kunyimwa fungu lake katika siku zake. Kinachobaki mbele ya wapigaji kura ni kazi ya wafufuaji peke yake. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kazi ya mfufuaji hodari aghalabu hujificha ndani ya kazi ya mtunzi, kama kazi ya msomaji hodari wa utenzi ijifichavyo ndani ya utenzi: msikilizaji huondoka akisema kuwa shairi ni zuri, asiulize ni nani aliyelifanya lisikike kuwa zuri.

Gypsy ni mfano ulio wazi. Mazungumzo yake yaliandikwa na Arthur Laurents, muziki ukatungwa na Jule Styne, na mashairi ya nyimbo yakatungwa na Stephen Sondheim, kutokana na kumbukumbu za Gypsy Rose Lee, mwanamke aliyepata umaarufu Marekani kwa kuvua nguo jukwaani. Lakini mwenye mchezo si yeye, bali ni mama yake, Rose, ambaye huwazungusha binti zake wawili mji kwa mji, kutoka jumba moja la michezo hafifu hadi jingine, akitaka wapate sifa ambayo yeye hakuipata. Binti mdogo anamtoroka. Mkubwa anapata sifa kwa njia ambayo mama hakuiota, na akisha kuipata hamhitaji mama tena. Mwishoni Rose husimama peke yake katika jukwaa tupu akaimba habari ya mtu ambaye angaliweza kuwa yeye. Ni mara chache mchezo wa nyimbo wa Marekani umefika mahali pa kutisha kama hapo.

Mchezo huu ulipotoka mwaka wa 1959 ulionyeshwa mara 702. Mwaka wa 1960 uliteuliwa kwa tuzo 8, ukakosa zote. Tuzo ya mchezo bora ilikwenda kwa michezo miwili iliyolingana kura, The Sound of Music na Fiorello!, na Ethel Merman, Rose wa kwanza, alishindwa na Mary Martin. Tangu hapo umefufuliwa Broadway mara 5. Angela Lansbury alishinda kwa kumwigiza Rose, akashinda Tyne Daly mwaka wa 1990, akashinda Patti LuPone mwaka wa 2008. Lakini ufufuzi wenyewe ulipata tuzo mara moja tu, wakati wa Tyne Daly. Hesabu hii ina maana. Mwigizaji anayesimama katikati ya taa huonekana. Anayepanga pumzi ya mchezo mzima, akaamua ni wapi kicheko kikatizwe na ni wapi kimya kiachwe kikae, haonekani, na kwa kuwa mchezo unafahamika, watu hudhani kuwa ulijipanga wenyewe.

Katika ufufuzi wa 2024 Wolfe hakuuandika mchezo upya. Alimweka McDonald, mwanamke mweusi wa kwanza kumwigiza Rose katika Broadway, na kwa tendo hilo maneno ya zamani yakaanza kusema mambo ambayo hayakuwa yakisema. Mapema katika mchezo Rose humwomba baba yake dola 88 ili aendeleze safari ya watoto. Kwa miaka 65 dola hizo zilikuwa kipimo cha tamaa ya mama mmoja. Katika kinywa cha McDonald zikawa pia kipimo cha umbali kati ya mwanamke mweusi wa Marekani ya miaka ya 1920 na milango anayotaka kuibisha. Kila mwenye jumba anayemkatalia Rose akawa na sababu ambayo haitamkwi. Upofu wa Rose, ambao kwa Merman ulikuwa kichekesho na kwa wengine ulikuwa wazimu, hapa ukawa ndiyo njia yake ya pekee ya kuweza kuamka asubuhi. Hakuna mitambo iliyohitajika kuyafanya hayo. Wako waliosema kuwa sauti ya McDonald, iliyofundwa kwa uimbaji wa opera, si sauti ya Rose, kwani Rose alizoeleka kwa sauti ya tarumbeta. Hoja hiyo ina uzito katika nyimbo za mwanzo. Katika wimbo wa mwisho haina uzito wowote, maana pale sauti inapovunjika kati ya kifua na kichwa, kinachosikika ni mwanamke anayekosa mahali pa kusimama ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mshindi wa mwaka huo alikuwa Sunset Blvd., ulioongozwa na Jamie Lloyd. Si haki kuudharau. Lloyd aliondoa mandhari yote jukwaani, akamvika Nicole Scherzinger gauni jeusi tupu, akaweka kamera na kiwambo kikubwa cha picha, na mwanzoni mwa sehemu ya pili mwigizaji mmoja hutoka nje ya jumba, akatembea barabarani akiimba huku picha yake ikionekana ndani. Mchezo ambao katika mwaka wa 1995 ulipata tuzo ya mchezo bora ukiwa na mshindani mmoja tu, na ambao watu wengi waliukumbuka kwa ngazi yake kubwa kuliko kwa muziki wake, ulipewa maisha. Lakini msomaji atazame ni kitu gani kilichoonekana. Kazi ya Lloyd ilidhihirika kwa mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, hata kama hakupata kuusikia mchezo huo kabla. Kazi ya Wolfe ilimtaka mtazamaji aujue mchezo wa zamani, au walau asikilize maneno kana kwamba hajayasikia. Waswahili husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Na hiki hakikuwa kidonda, ndiyo sababu kilishinda kwa urahisi zaidi.

Mtu anaweza kupinga kwa kuleta habari ya mwaka wa 2008, na pingamizi hilo ni zuri. Mwaka huo zilikutana katika fungu moja kazi tatu zilizosifiwa sana: Gypsy ya LuPone, Sunday in the Park with George iliyotoka jumba dogo la London liitwalo Menier Chocolate Factory, na South Pacific ya Lincoln Center. Sunday ndiyo iliyokuwa na uvumbuzi wa macho, kwa picha zilizotembea ukutani mfano wa mchoro unaochorwa mbele ya watazamaji. Iliteuliwa kwa tuzo 9 ikakosa zote. Iliyoshinda ilikuwa South Pacific, iliyotolewa kwa heshima zote za zamani na okestra kubwa kamili. Je, hapo uaminifu haukutuzwa? Ulituzwa, illa ikumbukwe kuwa South Pacific ilikuwa haijarudi Broadway tangu ilipotoka mwaka wa 1949. Kutokuwapo kwake kwa karibu miaka 60 kulikuwa upya wa namna yake. Kinachotafutwa na wapigaji kura, basi, si lazima kiwe uvumbuzi. Ni alama iliyo dhahiri ya kuwa jambo limetukia. Gypsy, iliyorudi baada ya miaka 5 tu, haikuwa na alama hiyo.

Tena liko jambo la fedha. Wapigaji kura ni zaidi ya watu 800, na miongoni mwao wamo wanaogharimia michezo, wenye majumba, na wanaoichukua michezo kuipeleka katika miji mingine ya Marekani. Mchezo uliokwisha kufungwa hauna mtu wa kumfaidia. Ragtime, mchezo wa Terrence McNally, Stephen Flaherty na Lynn Ahrens uliotokana na riwaya ya E. L. Doctorow, ulifufuliwa Novemba 2009 na mwongozaji Marcia Milgrom Dodge, ukitoka Kennedy Center mjini Washington. Ulikuwa na waigizaji wapatao 40, na gharama ya kundi kama hilo haingojei. Ulifungwa tarehe 10 Januari 2010 baada ya kuonyeshwa mara 65. Mwezi Juni uliteuliwa kwa tuzo 7, usipate hata moja. Tuzo ya ufufuzi ilikwenda kwa La Cage aux Folles, uliopunguzwa ukawa mdogo, wenye gharama nafuu, nao ulikuwa ungali jukwaani. Mchezo huo, ikumbukwe, umeshinda kila ulipofika Broadway: mwaka wa 1984 kama mchezo mpya, na mwaka wa 2005 na 2010 kama mchezo uliofufuliwa. Ni mchezo wa kupendeza. Kusema kuwa una kina mara tatu kuliko Gypsy hapana athubutuye.

Wapo watakaojibu kuwa tuzo si kitu, na kwamba kazi njema hujitetea yenyewe. Kwa kitabu maneno hayo ni ya kweli. Kitabu kilichonyimwa tuzo hukaa rafuni kikimngoja msomaji wake. Mchezo haungoji. Gypsy ya McDonald ilifungwa tarehe 17 Agosti 2025, kabla ya siku iliyokuwa imetangazwa, na waigizaji wakatawanyika. Maktaba ya umma ya New York imekuwa ikihifadhi picha za michezo tangu mwaka wa 1970, lakini atakaye kuzitazama sharti aende kuketi huko huko. Sahani za nyimbo huhifadhi sauti, hazihifadhi mwendo wala kimya. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa atakayetaka kujua Broadway ilifanya nini katika miaka hii, orodha ya washindi ndiyo itakayomfikia kwanza, na huenda ikawa ndiyo ya mwisho. Hataona humo jina la Wolfe kwa Gypsy, wala la Mendes, wala la Dodge kuwa mshindi kwa Ragtime.

Watu wa pwani wana sababu ya kulielewa jambo hili. Siti binti Saad aliimba nyimbo zake katika sahani huko Bombay mwaka wa 1928, na Bi Kidude akazirithi nyingi katika hizo, akaziimba kwa koo lake mwenyewe mpaka alipofariki mwaka wa 2013. Mwaka wa 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Tuzo hiyo haikumdai atunge upya alichokirithi, wala avunje ngoma ili aonekane amefanya kazi.

Wapigaji kura wa New York hawawezi kulazimishwa kusikiliza kwa namna moja. Lakini waamuzi wachache wanaoandaa orodha ya uteuzi wanaweza kuulizwa swali tofauti na lile la 1977: si kwamba ufufuzi huu umebadili nini, bali kwamba baada yake ni kitu gani kinachojulikana juu ya mchezo ambacho hakikujulikana kabla yake. Kwa swali hilo Wolfe asingalikosekana katika orodha ya waongozaji. Wala isingalitokea habari ya Follies ya 2011, mchezo wa Sondheim juu ya wacheza dansi wa zamani wanaokutana katika jumba linalotaka kubomolewa. Jan Maxwell alimwigiza ndani yake mke mwenye hasira baridi kwa namna iliyofanya nyimbo zijulikanazo zisikike kama siri iliyovuja. Mwaka wa 2012 ufufuzi huo uliteuliwa kwa tuzo 8. Ulipata moja, ya mavazi.