Azania, Zenji na Jina la Tanzania

Miongoni mwa maelezo ya asili ya jina Tanzania, lipo moja linalopendwa kupita uzito wake: kwamba jina hilo limechipuka kutoka Azania ya Wayunani. Hoja yenyewe yasimama juu ya mguu mmoja, nao ni mshabaha wa sauti.

Ukongwe wa Azania hauna shaka. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, waitaja hivyo pwani iendayo kusini hadi soko la Rhapta. Lakini jina Tanzania, lililotangazwa Oktoba 1964, miezi sita baada ya Muungano, liliundwa kwa silabi za Tanganyika na Zanzibar. Azania ingeweza kuingia humo kwa mlango wa Zanzibar tu, endapo ingethibitika kuwa Azania na Zenji ni neno moja. Ptolemy aidhoofisha dhana hiyo bila kukusudia. Katika Jiografia yake ya karne ya pili anaitaja Azania, na mbali nayo rasi ya Zingis, kila moja kwa tahajia yake. Kama ni kumtafuta Zenji kwa Wayunani, Zingis ndiyo ya kuanzia.

Zanzibar lenyewe ni la Kiajemi: *zang*, watu weusi, na *bar*, pwani. Ile hadithi ya Waarabu walioshuka chomboni wakaisifu nchi kwa neno *zayn*, yaani nzuri, ni tamu, na yamkini utamu huo ndio ulioihifadhi. Hati zaikataa. Zanjibar huandikwa kwa jimu, ilhali *zayn* haina jimu hata chembe. Wala Tanganyika si mji wa Tanga na nyika yake, kama isemwavyo mara nyingi. Ziwa lililo magharibi kabisa mwa nchi lilikuwa na jina hilo Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na koloni halikupewa jina hilo na Waingereza ila mwaka 1920.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba mjadala wote huyasikiliza majina kutoka jahazini. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, alikwisha kuandika Lanjuya. Yaqut naye, katika karne ya kumi na tatu, akakieleza kisiwa hicho pamoja na Tumbatu. Hiyo ni Unguja. Wala *l* ya mwanzo haipaswi kumshangaza mwanaisimu: kiambishi *lu-* cha lugha za Kibantu ndicho kilichobaki *u-* katika Kiswahili, kama ilivyo katika *ulimi*. Hapa mabadiliko ya sauti yana kanuni inayoweza kupimwa kwa maneno mengine, jambo ambalo watetezi wa Azania hawajalionyesha. Wenyeji wangali wakikiita kisiwa chao kwa jina hilo, nalo halikupata hata silabi moja katika jina la Jamhuri.