‘Kuingia’ si ‘Kupatana’: Juu ya Istilahi za Kumbukumbu za Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi tatu wanazozitumia wafasiri wanapoeleza namna ya kuongeza kumbukumbu katika kompyuta kuukuu. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Sivyo. Mwalimu anayenunua kipande kisichofaa kwa sababu ya kosa la tafsiri hupoteza fedha za shule.

Istilahi ya kwanza ni ‘kadi ya kumbukumbu’. Kosa lake si la sarufi, bali ni kwamba jina hilo lina mwenyewe: umma umekwisha kulitumia kwa kile kidude cha kuhifadhia picha katika simu na kamera. Tunapendekeza ‘kipande cha kumbukumbu’. Nao mafundi waendelee kusema ‘ramu’ bila ya kulaumiwa.

Ya pili ni ‘bodi kuu’. Walioichagua waliikimbia ‘bodi mama’ kwa kuiona kuwa tafsiri sisisi. Lakini mtumishi wa serikali asomapo kwamba bodi kuu imekataa kumbukumbu, atadhani wakurugenzi wameketi na kuzikataa kumbukumbu za kikao kilichopita! Isitoshe, ‘kampuni mama’ imekwisha kuzoeleka katika Kiswahili. Basi ‘bodi mama’ si mgeni wa kufukuzwa mlangoni.

Ya tatu ndiyo nzito. Wafasiri wengine hutumia kitenzi ‘kuingia’ kwa maana ya kufaa kwa kila hali. Tutazame mambo yenyewe. Vipande vya DDR2 na DDR3 vya kompyuta za mezani vyote vina pini 240, na kwa mbali vinafanana. Hata hivyo, pengo lililokatwa ukingoni halipo mahali pamoja, kwa hiyo kimoja hakiingii katika tundu la mwenziwe. Pengo hilo ni kinga, kwani DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. Hapa ‘hakiingii’ ni neno sahihi kabisa.

Lakini kinyume chake si kweli. Kompyuta zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2011, hutambua vipande vya DDR3 visivyozidi gigabaiti 8 kila kimoja. Kipande cha gigabaiti 16 chenye umbo lile lile huingia barabara, na mashine isikitambue. Kadhalika vipande vya DDR3 vyenye rejista, vilivyotengenezwa kwa ajili ya seva, huingia katika bodi ya kawaida, lakini havifanyi kazi.

Ni dhahiri basi kwamba tunahitaji maneno matatu wala si moja: ‘kuingia’ kwa umbo, ‘kutambuliwa’ kwa uwezo wa mashine, na ‘kupatana’ pale masharti yote, pamoja na umeme, yanapotimia. Nomino yake iwe ‘upatanifu’. Mfasiri anayeandika kwamba kipande kinapatana na bodi ajue kuwa ametoa dhamana. Kama kitabu cha mashine kinataja umbo tu, aandike ‘kinaingia’, asiongeze neno.

Wasomaji, hasa walimu na mafundi, wanaombwa watoe maoni yao kabla mapendekezo haya hayajasanifishwa.