Hodi Kutoka Mkuza

Fundi wetu wa kompyuta anakaa Mkuza, Kibaha. Chama chetu cha akiba na mikopo kiko Kisarawe mjini. Kwenye ramani wilaya hizi mbili za Pwani zinapakana, lakini anayetegemea daladala hauoni ujirani huo: ateremke hadi Mbezi, abadilishe gari, azungukie Gongo la Mboto, apande Pugu, na akifika kwetu jua limeshakuwa la utosi. Zamani printa ikigoma saa tatu asubuhi, wanachama walikaa kwenye benchi hadi alasiri wakingoja stakabadhi. Siku hizi dada huyu anabisha hodi akiwa hukohuko Mkuza. Nataka kuisifu kazi yake, maana wengi wanadhani ni suala la kupakua programu na kubonyeza kitufe.

Sehemu kubwa ya kazi ya mbali hufanywa karibu. Niliona hivyo siku aliyokuja kutusimikia programu ya kuingia kwenye kompyuta zetu kwa mbali. Alishinda nasi kutwa, na saa za mwanzo hakuigusa kabisa hiyo programu. Aliipa kila kompyuta jina lake: Dirisha, Uhasibu, Meneja. Akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguka kabla Windows haijaamka, akaiagiza mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Akaizuia isisinzie. Ndipo akasimika programu yenyewe kama huduma ya mfumo, ili ianze hata kabla mtu hajaandika neno lake la siri. Nilimuuliza kwa nini asituwekee ile nyepesi, ya kufungua ukiihitaji na kuifunga. Akanionyesha. Windows inapodai idhini ya msimamizi, skrini hufifia. Aliyeingia kwa ile nyepesi haoni kitu wala hawezi kubonyeza, amebaki kizingitini na bisibisi yake mkononi.

Kisha akafanya jambo nililolipenda kuliko yote. Alikwenda ukutani, akazima umeme. Akangoja, akawasha, akatoka nje na laptopu yake na bando la simu yake, akasimama chini ya mwembe ng'ambo ya barabara ajaribu kuingia. Mashine mbili zilimpokea. Ya tatu ilikataa. Akarudi ndani, akarekebisha, akazima umeme tena, akatoka tena.

Tulikuwa na picha ya ufukwe kwenye skrini zote, mitende na mawimbi. Aliiondoa akaweka rangi moja tu, ya kijivu, na wenzangu wakanung'unika. Sababu yake ni ya zamani kidogo. VNC, chombo cha kuitazama na kuiendesha kompyuta kwa mbali kilichotoka maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, kikatolewa bure mwaka 1998 pamoja na msimbo wake, kilijengwa juu ya wazo jepesi: skrini isitumwe nzima kama filamu, vitumwe vile vipande vya mstatili vilivyobadilika. Rangi moja inabanwa ikawa karibu si kitu. Mawimbi hayabaniki hivyo, na bando ni pesa ya wanachama.

Wapo mafundi ambao wakisimika VNC hufungua mlango namba 5900 kwenye ruta, wauache wazi kwa intaneti yote, na neno la siri liwe fupi. Ulinzi wa asili wa VNC ulisoma herufi nane za kwanza tu. Ulizoongeza mbele yake hazikukulinda na chochote. Huo mimi nauita uzembe, hasa penye daftari la akiba za watu. Wetu anatumia programu nyingine, RustDesk, kwa kuwa inamruhusu kuweka seva yake mwenyewe ya kuunganisha. Awali seva hiyo ilikuwa nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Naye akawa hawezi kutufikia sisi majirani zake, kwa sababu njia ya Mkuza hadi Kisarawe ilikuwa ikipita ng'ambo. Baada ya hapo aliihamishia Dar es Salaam.

Hakutaka neno la siri la kudumu la kuingilia mashine za wafanyakazi. Kila akija, dirisha dogo hutokea: Kubali au Kataa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, tarehe 1 Mei 2023, ofisi kama yetu ina sababu ya kisheria ya kujali nani anaona nini. Lakini yeye anajali kwa sababu ya adabu aliyolelewa nayo. Hupiga simu kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba kuingia. Ufunge kwanza ukurasa wa mwanachama."

"Nimeshafunga. Karibu."

Mzee wetu wa dirishani hubonyeza Kubali, kisha hutoa mkono kwenye mausi na kusogea kidogo kitini, kama anayempisha mtu kwenye mkeka.

Jumatatu iliyopita risiti ziligoma. Tulikiona kishale kikitembea, kikafungua foleni ya kuchapa, kikafuta kazi moja iliyokwama mbele ya nyingine zote, kikaianzisha upya huduma ya kuchapa. Dakika nne. Angeweza kuituma karatasi ya majaribio mwenyewe na kuondoka. Hakufanya hivyo.

"Chapa wewe, baba. Halafu niwekee simu karibu na printa."

Mzee akabonyeza, akainyoosha simu juu ya mashine. Wanachama kwenye benchi wakanyamaza. Kule Mkuza akawa anasikiliza roli zikishika karatasi.