Haki Penye Mizani

Wasomaji wapendwa wa Zagayu, ninyi mlimao pamba, kitabu cha Bwana Andrew Maguire, Mmarekani, kilichopigwa chapa mwaka 1969 juu ya Usukuma na uhuru, chawahusu. Chaonyesha ya kuwa haki zilidaiwa hata penye mizani, si mikutanoni tu. Wakulima walipochoka kupunjwa uzito waliungana, Bwana Paul Bomani akiwaongoza. Hata mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao la Victoria. Serikali ilipoizuia TANU Usukumani hadi 1958, ushirika ulidumu.

Twakisifu. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza. Wazee wengi ambao habari hizi ni zao hawawezi kukisoma. Basi, ajuaye lugha ile na awasomee, nao wapate kuthibitisha au kusahihisha.