Zimwi Lijulikanalo: Mashabiki na Kuanzishwa Upya kwa Filamu za Halloween

Filamu ya kwanza ya Halloween niliyoitazama haikuwa Halloween ya kwanza. Nilikuwa darasa la sita, katika kibanda cha video pembezoni mwa Kampala. Tulikuwa tumebanana kwenye mabenchi, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. VJ wetu, yaani yule anayeifasiri filamu papo hapo kwa kipaza sauti, alitusimulia kwa Kiganda habari za mtoto aitwaye Michael Myers, ambaye alitukanwa na baba wa kambo nyumbani na kudhihakiwa na wenzake shuleni, hata akashika kisu. Nilimwonea huruma mtoto yule. Miaka mingi baadaye, nilipoanza chuo, mwenzangu wa chumbani alicheka aliposikia habari hiyo. Aliniambia kwamba niliyoiona ni toleo la mwaka 2007 la Rob Zombie, na kwamba kila shabiki wa kweli anajua Halloween ni ile ya John Carpenter ya mwaka 1978.

Maneno hayo, "kila shabiki wa kweli anajua", ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Mfululizo huu una filamu 13, kuanzia mwaka 1978 hadi 2022, na umeanzishwa upya mara kadhaa. Kila mara mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema mfululizo uachwe upumzike, wapo wanaotaka urudishwe ulikoanzia, na wachache wanataka kitu kipya kabisa. Swali langu ni hili: mashabiki wanapoikataa filamu mpya kwa jina la ile ya asili, wanatetea nini hasa? Naona wanatumia kipimo kibaya kulinda kitu kizuri. Wanauliza kama filamu mpya ni aminifu kwa ya kwanza, ilhali wangeuliza kama imeliacha wazi lile pengo ambalo ya kwanza iliacha.

Tuanze na pengo lenyewe. Carpenter aliandika filamu hiyo pamoja na Debra Hill, na ilitengenezwa kwa takriban dola 325,000, kiasi kidogo sana kwa filamu ya Marekani. Hata barakoa ya muuaji ilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner iliyonunuliwa dukani na kupakwa rangi nyeupe. Filamu inaanza mwaka 1963 katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois. Tunatazama kupitia macho ya mtu anayeingia nyumbani, anachukua kisu na kumuua msichana. Barakoa inapovuliwa, tunaona ni mtoto wa miaka sita, na aliyeuawa ni dada yake. Mtoto anasimama kimya, wala hakuna anayetueleza kwa nini. Miaka 15 baadaye anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anarudi Haddonfield na kumwandama Laurie Strode, msichana ambaye hana kosa lolote. Mwishoni Dkt. Loomis anampiga risasi, anaanguka kutoka ghorofani, lakini mwili wake hauonekani. Tunaonyeshwa nyumba tupu, na tunasikia pumzi zake tu. Katika orodha ya waigizaji, mtu huyo wa barakoa hakupewa hata jina la Michael. Ameitwa "umbo".

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba ngano haina nakala moja. Fanani huibadilisha kulingana na hadhira, wakati na mahali. Bibi yangu na shangazi yangu walisimulia zimwi lilelile kwa namna mbili tofauti, na hakuna mtoto aliyedai kwamba moja ilikuwa feki. Kwa mtazamo huo, kuisimulia Halloween upya si dhambi. Lakini fasihi simulizi inatufundisha pia kwamba hadhira si mabubu. Hadhira huitikia, huuliza, na fanani akichosha humwonyesha kwamba amechosha. Shabiki wa filamu hana nafasi ya kumkatiza mwongozaji katikati ya utambaji, kwa hiyo maoni yake huja baada ya filamu kutoka. Ndiyo maana siwezi kuyapuuza malalamiko ya mashabiki kama kelele tu. Ni kiitikio kilichochelewa.

Kiitikio hicho, hata hivyo, kina mgongano ndani yake. Mwaka 1981, katika Halloween II, Laurie alifanywa kuwa dada yake Michael. Ghafla muuaji akapata sababu, na pengo likaanza kuzibwa. Mwaka uliofuata waandaaji walijaribu njia nyingine. Halloween III iliyoongozwa na Tommy Lee Wallace haikuwa na Michael kabisa. Ilisimulia hadithi mpya ya mfanyabiashara wa barakoa anayepanga kuwaua watoto. Lengo lilikuwa kila filamu ije na kisa chake. Watazamaji waliikataa, kwani walikuwa wamemfuata Michael, na mwaka 1988 Michael alirudishwa kwa jina lake kwenye kichwa cha filamu. Leo mashabiki wengi wanaisifu filamu hiyo ya 1982 kwa ujasiri wake, lakini sifa hizo zilikuja wakati njia ile ilikuwa imeshafungwa.

Hapa methali yetu inatusaidia: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi huitumia kueleza kwamba ubaya uliouzoea una nafuu. Shabiki naye anataka zimwi analolijua, lenye barakoa ileile, kisu kilekile na muziki uleule wa piano. Lakini zimwi lijulikanalo halimtishi tena. Anaomba hofu ya mara ya kwanza, kisha anakataa kila kitu kisichofanana na mara ya kwanza. Waandaaji wakamjibu kwa kumweleza zimwi zaidi na zaidi. Kufikia mwaka 1995, Michael alikuwa mtumishi wa laana ya kundi la siri. Mwaka 1998 filamu ya saba iliyapuuza hayo na kumrudisha Laurie, ambaye mwishoni alimkata Michael kichwa. Mwaka 2002 tukaambiwa kwamba aliyekatwa kichwa alikuwa mtu mwingine aliyevishwa barakoa. Shabiki aliyekasirishwa na ujanja huo alikuwa na haki. Fanani aliyesema "hadithi imeisha" kisha akaomba kiingilio kingine anaivunjia hadhira heshima.

Toleo la Rob Zombie ndilo linalonipa taabu zaidi, kwa sababu ndilo nililolipenda kwanza. Sehemu kubwa ya mwanzo wake inamhusu Michael akiwa mtoto wa miaka kumi, katika nyumba ya matusi na kutojaliwa. Mashabiki wengi walisema Zombie ameiharibu hadithi kwa kuibadilisha. Sikubaliani na sababu yao, ingawa nakubaliana na hukumu yao kwa sehemu. Zombie ana dhamira halali: ukatili huzaa ukatili. Kama tamthilia ya familia iliyovunjika, nusu ya kwanza ina nguvu. Tatizo linaonekana katika nusu ya pili, Michael anapokuwa mtu mzima na kurudi mjini. Tumeshaambiwa yeye ni nani na aliumizwa na nani, kwa hiyo tunamtazama kama jirani aliyepotoka. Unaweza kumhurumia, unaweza kumchukia, lakini huwezi tena kuogopa giza lililo nyuma ya barakoa, kwa sababu taa imewashwa.

Mwaka 2018 David Gordon Green alifanya kile ambacho wengi walikiomba. Alizifuta filamu zote isipokuwa ya kwanza. Hata udugu wa Laurie na Michael ulifutwa: mjukuu wa Laurie anawaambia wenzake kwamba habari hiyo ilitungwa na watu. Mashabiki walifurahi, na filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Mimi pia naiona kuwa bora kati ya zilizoanzishwa upya, lakini si kwa sababu inaiiga ile ya 1978. Ubora wake uko kwa Laurie, mwanamke aliyeishi miaka 40 akijiandaa kwa hofu isiyo na jibu, hata akampoteza binti yake kwa kujiandaa huko. Pengo limeachwa wazi, na tunaona linavyomla binadamu.

Filamu iliyofuata, Halloween Kills ya 2021, inaonyesha wakazi wa Haddonfield wakiungana kumsaka Michael. Wanaimba kaulimbiu hospitalini, wanamfukuza mgonjwa mwingine wakidhani ndiye, na mtu huyo anajirusha na kufa. Anayeishi katika miji yetu anajua jinsi neno "mwizi" linavyoweza kuukusanya umati kabla ya mtu yeyote kuuliza swali, kwa hiyo sehemu hiyo ilinitisha kuliko kisu. Lakini filamu inalirudia funzo lake mpaka linachosha. Halloween Ends ya 2022 ndiyo iliyowagawa mashabiki zaidi, kwani ilimweka Michael pembeni na kumfuata kijana Corey, aliyesababisha kifo cha mtoto kwa ajali na kutengwa na mji mzima. Waliolalamika walisema Michael haonekani vya kutosha. Naona walikuwa wanarudia kosa la mwaka 1982. Kosa la filamu hiyo ni jingine: Corey ameelezwa hatua kwa hatua, kama Michael wa Zombie, na pengo limezibwa tena kwa sura mpya.

Kwa kuhitimisha, sidhani kwamba mfululizo mrefu wa kutisha lazima uachwe, wala kwamba lazima urudishwe ulikoanzia. Hadhira ina haki ya kudai mambo mawili: isidanganywe kuhusu mwisho wa hadithi, na isielezwe kila kitu. Haina haki ya kudai mara yake ya kwanza irudi.

Naikumbuka mara yangu ya kwanza. VJ hakunyamaza hata kidogo. Kila Michael aliposimama kimya, alitueleza anachowaza, nasi tukacheka na kupiga makofi. Ilikuwa jioni nzuri, na sitakubali iitwe feki. Lakini niliporudi nyumbani nililala usingizi mzito. Ile ya 1978 niliitazama chumbani chuoni bila mfasiri, kwenye kompyuta ya mwenzangu yuleyule aliyenicheka, na usiku huo tuliiacha taa ikiwaka hadi asubuhi.