Akiba Haiozi

Methali hii niliichambua nikiwa chuo cha ualimu, kisha nikaifundisha kwa miaka mingi. Maelezo yake yalikuwa yaleyale: weka leo, ule kesho. Sasa ni mstaafu hapa Endasak, karibu na Mlima Hanang, nami naona ina mapengo mawili.

La kwanza, akiba huoza. Mahindi yasiyokauka hupata ukungu. Yaliyokauka huliwa na dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Fedha nazo hutafunwa na kupanda kwa bei. Anayetaka kuezeka ni heri anunue bati mojamoja kuliko kulaza noti chini ya godoro.

La pili ni zito zaidi. Methali haisemi akiba itoke katika sahani ya nani. Mara nyingi baba akitangaza kubana matumizi, hupungua sukari, mafuta ya kupikia na madaftari. Pombe yake haiguswi. Nyumba huezekwa, lakini waliolipa hawakuulizwa.

Vikundi vya VICOBA vinatufunza. Sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo una mshikaji wake, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hata nyumbani, hesabu ifanywe mama na watoto wakisikia.

Siikatai methali. Naiongezea masharti tu: akiba haiozi ikilindwa, na aliyeitaka akiwa wa kwanza kujinyima.