Bakteria wa Mawinguni Si Viini vya Maradhi

Katika tafsiri moja iliyotufikia, bakteria waishio katika maji ya mawingu wameitwa "viini vya maradhi". Istilahi hiyo haifai. Kule Puy de Dôme, Ufaransa, kwenye kimo cha mita 1,465, wataalamu hukinga matone ya wingu kabla hayajawa mvua. Humo wamekuta bakteria walao fomaldehaidi, kemikali itokayo pia katika moshi wa magari. (Kweli, Pseudomonas syringae, aliyemo humo, huugusha mimea, lakini huyo ni mmoja tu.) Bwana Afya akiisoma tafsiri hii ataliogopa wingu na kuusahau moshi. Tena mfasiri ameandika "uchafu" palipostahili "uchafuzi": uchafu ni kitu, uchafuzi ni tendo, na tendo lina mtendaji awezaye kushtakiwa.